Siku Nane za Mzee Kaanaeli Mlimani

Hii nimeipata leo asubuhi kutoka kwa shemeji yangu wa Moshi, na chai yangu ilipoa nikiisoma. Ni ndefu kidogo. Kama uko kazini iweke kwanza, uisome ukishatulia, maana ukiisoma nusunusu haitakusaidia kitu.

Palikuwa na mzee mmoja aliyeishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, jina lake Kaanaeli. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa mpishi wa mlimani. Sisemi mpishi wa hotelini mwenye kofia ndefu na friji. Nasema mpishi anayepanda na jiko na masufuria mpaka mahali ambapo hata nyasi zimekataa kuota, anafika kabla ya wageni, anapuliza vidole vyake vipate joto, kisha anawapikia supu na wali na kuku kana kwamba soko liko hapo nje.

Katika miaka yote hiyo Mzee Kaanaeli hakuwahi kufika kileleni. Hakuna aliyemkataza, ni kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Wageni wakiondoka kambi ya mwisho na mwongozaji wao kwenda juu, mpishi anabaki. Watu hao watarudi wamechoka hoi, na kitu cha kwanza watakachotaka ni uji wa moto. Sasa mpishi naye akienda kupiga picha kileleni, uji atapika nani?

Alipostaafu, mke wake alikuwa ameshafariki. Akabaki na migomba yake, ng'ombe mmoja na redio. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti, anaitwa Aikaeli, ila wote walimwita Aika.

Aika naye alikuwa mtu wa mlima. Yeye hakupika, aliongoza wageni, na alikuwa mwongozaji mkuu, yule ambaye akisema twende mnaenda na akisema turudi mnarudi. Kileleni alikuwa ameshafika zaidi ya mara tisini. Kwa sababu ya kazi hiyo alionekana nyumbani kwa nadra sana. Alikuwa akishuka na kundi moja, analala kwa baba yake usiku mmoja au miwili, anafua nguo, anapanda tena na kundi jingine.

Huko juu alikuwa akiona jambo moja ambalo lilimchoma. Aliona watoto wa watu wakiwakumbatia baba zao kileleni. Wazee wa mbali, ambao hata hawawezi kulitamka jina la mlima sawasawa, wanasimama pale wanalia kwa furaha, na yeye Aika ndiye anawapiga picha. Halafu anashuka, anamkuta baba yake, aliyewalisha watu kama hao kwa miaka ishirini na tisa, na kilele anakijua kwa kukitazama kutoka shambani tu.

Akasema moyoni, haiwezekani. Lazima nimpeleke baba yangu.

Na Aika akishaamua jambo, amelipanga. Jamani, huyu binti alijua kupanga! Alichagua mwezi wa pili, wakati anga limetulia na mvua za masika hazijaanza. Akachagua njia yenye vibanda vya kulala badala ya mahema, ili mgongo wa mzee usipate shida. Safari ambayo wengine huenda kwa siku tano au sita, yeye aliipanga kwa siku nane, na siku za mapumziko katikati ili mwili uzoee hewa nyepesi. Akapanga siku ya kumpeleka baba yake hospitali, akapimwe moyo, presha na mapafu. Akapanga kumnunulia viatu mapema, avivae kila siku kwenye migomba mpaka vilainike. Akachagua wapagazi anaowaamini, na kwa upande wa jikoni akamchukua Temba, mpishi ambaye kazi yote alifundishwa na Mzee Kaanaeli mwenyewe.

Yote hayo aliyaandika kwenye makaratasi. Siku moja akaenda nayo nyumbani, akayatandaza mezani mbele ya baba yake.

"Baba, siku ya kwanza tunatembea msituni tu, masaa matatu au manne."

"Sawa."

"Kambi ya pili tunakaa siku mbili tunapumzika, ndipo tunaenda ya tatu."

"Sawa, mama."

"Chai unataka ya tangawizi au ya kawaida?"

"Ya tangawizi."

"Na kileleni tutaondoka kumekucha, si usiku kama wengine. Wewe tutakwenda nawe taratibu, jua likiwa limetoka."

Mzee akatazama makaratasi. Akamtazama binti yake, ambaye macho yake yalikuwa yanang'aa kama siku ile alipofaulu darasa la saba.

"Sawa," akasema.

Vipimo vikatoka vizuri, viatu vikalainika, basi wakaenda.

Siku ya kwanza nusura iwe vituko vitupu. Mtu aliyefanya kazi ya jikoni mlimani hajui mwendo wa wageni. Mgeni anatembea hatua baada ya hatua, anapumzika, anakunywa maji, anapiga picha maua. Mpishi na wapagazi wanapita mbio na mizigo yao ili wakafike mapema. Geti lilipofunguliwa tu, Mzee Kaanaeli aliinama kidogo mbele kama mwenye mzigo kichwani, akaondoka. Aika aliita, "Baba! Baba, pole pole!" Mzee huyo, hayupo. Aika alipofika kambi ya kwanza alimkuta jikoni, amekunja mikono ya shati, anamenya karoti, na Temba amesimama pembeni hajui la kufanya.

"Baba, wewe ni mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Mgeni wangu. Mgeni hamenyi karoti. Mgeni anakaa kule, analetewa chai na bisi."

Mzee akaweka kisu chini, akaenda kukaa. Chai ikaletwa, na bakuli la bisi, na kitambaa cheupe mezani. Alikaa amenyooka mgongo, mikono magotini, ungedhani yuko kituo cha polisi. Wapagazi walicheka mpaka mmoja akatoka nje.

Kuanzia hapo Aika alimweka nyuma yake, na kila akitaka kupita alimzuia kwa fimbo. Mzee akanung'unika, kisha akazoea. Walitembea taratibu wakiongea. Waliongea kuhusu mama, kuhusu ng'ombe, kuhusu jirani aliyesogeza mpaka wa shamba kidogokidogo akidhani haonekani. Aika alicheka sana siku zile. Baadaye alikuja kusema kwamba hakumbuki mara ya mwisho kucheka hivyo na baba yake.

Kila jioni alimuuliza maswali ambayo mwongozaji humuuliza kila mgeni.

"Umekula?"

"Nimekula vizuri."

"Umelala?"

"Kama mtoto."

"Kichwa?"

"Hakina neno."

Akamwekea kidoleni kile kibanio kinachopima hewa kwenye damu. Mara nyingine namba ilikuwa ndogo kidogo. Mzee akasema, "Mashine yako haijui vidole vya mpishi. Hivi vimeungua na masufuria miaka thelathini, ngozi imekuwa gamba." Aika akacheka, akavipasha joto vile vidole kwa kuvisugua, akapima tena, namba ikapanda kiasi. Akaridhika.

Jambo moja tu lilibaki la zamani. Baada ya kula, mzee alichukua sahani yake mwenyewe, akaenda nayo nje, akaiosha, akaipeleka jikoni safi. Aika alimwacha. Alijua huwezi kumtoa mtu tabia ya miaka yote hiyo kwa siku nane.

Siku ya tano wakafika kambi ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho. Pale ni mawe na vumbi na upepo, hakuna hata tone la maji, maji yenyewe hubebwa kutoka chini. Mpango ulikuwa wapumzike siku nzima ya sita, na siku ya saba kumekucha waende kileleni. Ilikuwa yapata saa nane mchana. Mzee aliomba akae nje kwenye jua, akaegemea ukuta wa kibanda. Aika alikuwa anapanga glavu na makoti Temba alipomjia, mikono anaifuta kwenye aproni.

"Dada Aika, nikuulize kitu. Mzee anakula?"

"Si unaona sahani zake zinarudi nyeupe?"

"Zinarudi zimeoshwa."

"Ndiyo baba yangu huyo, Temba. Unamjua."

"Namjua. Sasa njoo uone mfuko wa mabaki."

Labda hujui, kwa hiyo nikueleze. Pale mlimani hakuna kutupa taka. Kila ganda na kila mfupa unafungwa, unashushwa, unapimwa getini. Temba alikuwa na mfuko wa mabaki ya chakula, na kwa safari ya mgeni mmoja ule mfuko ulipaswa kuwa mwepesi. Akaufungua. Ndani mlikuwa na viazi vizima, paja la kuku halijaguswa, na chapati zimekunjwa mara nne na kufichwa chini ya maganda ya karoti.

"Tangu lini?" Aika akauliza.

"Juzi jioni. Mimi nilidhani ni vijana wanamwaga chakula. Nimewauliza, wameapa."

Aika akaokota chapati moja, akaikunjua. Haikuwa imeumwa popote.

"Dada, huyu mzee ndiye alinifundisha," Temba akasema, na sauti yake ikawa ya mtu anayetaka kulia. "Alikuwa ananiambia, ukitaka kumjua mgeni anayeumwa usimtazame usoni, atakuchekea. Tazama sahani yake. Kwa hiyo alijua nitatazama sahani."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mlima mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kudanganya kwa sahani, na mtu huyo alikuwa baba yake.

Aika akatoka nje. Mzee alikuwa bado ameegemea ukuta. Alikuwa anajaribu kufunga kamba za kiatu, na kamba zilikuwa zinamponyoka. Alizishika, zikaponyoka, akazishika tena.

"Baba, simama kidogo."

"Kuna nini?"

Aika akachukua fimbo yake, akachora mstari vumbini, mrefu kama hatua kumi. Kila mtu wa mlimani anaujua mstari huo. Mgeni akihisiwa kuwa hewa nyepesi imeanza kumvuruga kichwa, anaambiwa atembee juu yake, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Aliye mzima anaupita bila shida. Ambaye ubongo wake umeanza kudhurika hawezi, na huyo asiposhushwa mara moja anaweza kufa.

Mzee akautazama ule mstari. Wapagazi walikuwa wameshasimama, na Temba yuko mlangoni.

"Unanichorea mstari mimi? Mimi baba yako, kama mlevi?"

"Tembea, baba."

"Nimewaona wengi wakichorewa huu mstari hata hujazaliwa."

"Najua. Tembea."

Akatembea. Hatua ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa. Ya tatu mguu ukaenda pembeni, akayumba, na Aika akamdaka kabla hajaanguka.

"Ni kiatu," mzee akasema. Maneno yalikuwa yanatoka polepole, mazito.

"Tunashuka, baba. Sasa hivi."

"Hatushuki. Siku mbili tu zimebaki. Kesho nitapumzika, nitakuwa mzima."

"Tunashuka."

"Aikaeli!" Aliliita jina lote. "Mimi ndiye niliyekuzaa. Nimesema tunakwenda."

Weka mkono moyoni, ndugu yangu, ujiulize kama ungeweza. Mtu aliyekulea, aliyekusomesha kwa kubeba masufuria, anakuamuru mbele ya watu, na wewe umkatalie mbele ya watu hao hao. Kwetu sisi jambo hilo si dogo. Na kilele chenyewe kiko hapo juu, kinaonekana kwa macho, jua limekipiga. Aika alikuwa ameingoja safari hii miaka miwili. Alijua akimshusha leo, kwa umri ule, baba yake hatapanda tena.

Akapiga magoti vumbini, akamfunga kamba za viatu, cha kushoto kisha cha kulia. Halafu akamtazama kutoka pale chini.

"Baba, nyumbani neno la mwisho ni lako, na litakuwa lako mpaka Mungu akuchukue. Huku juu neno la mwisho ni langu. Tunashuka."

Mzee alizitazama zile kamba zilizofungwa. Kisha akanyoosha mkono, naye Aika akauweka begani kwake.

Walishuka mchana ule ule. Mpagazi mmoja alikuwa mbele na mmoja nyuma, mzee katikati amemshika binti yake. Njia nzima mzee hakusema neno. Aika alidhani ni hasira, na alilia akitembea, bila kujificha, machozi yakikaushwa na upepo. Alilia kwa hofu kwamba amechelewa, na kwa aibu pia, kwa sababu amewapima mamia ya watu na hakumwona baba yake mwenyewe.

Lakini mlima ukishaushuka huwa una huruma. Kadiri walivyozidi kwenda chini, hatua za mzee zikawa zinanyooka. Walipofika kambi ya pili, jua bado halijazama, akaketi kwenye benchi na kusema, "Nina njaa." Temba, ambaye alikuwa ametangulia mbio kama mzee mwenyewe enzi zake, akamletea mtori wa moto, wa ndizi na nyama. Mzee akala mabakuli mawili, na Aika alikaa mbele yake akaona kila kijiko kikiingia.

Asubuhi yake palikuwa pametulia. Mawingu yalikuwa yametanda chini yao, na juu anga la bluu. Walikaa nje wawili, Temba yuko karibu anachambua mchele.

"Baba," Aika akasema, "kwa nini ulinificha?"

Mzee akayatazama mawingu kule chini.

"Ulikuwa umepanga vizuri mno."

"Ungekufa, baba! Ungekufa mikononi mwangu. Ningewaambia nini watu nyumbani? Mimi mwenyewe ningeishije?"

"Nisamehe, mama. Kichwa kilianza siku ya tatu. Nikasema kitapoa. Halafu kila nikikutazama namna ulivyofurahi, ulimi unakataa. Nilisema huyu mtoto amejinyima miaka miwili anataka kufika na baba yake kileleni, mimi nimharibie kwa sababu ya kichwa? Nikasema nitajikaza nifike, kwa ajili yako."

Aika akamgeukia.

"Kwa ajili yangu? Mimi kile kilele nimekiona mara tisini. Nilikuwa nakwenda kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyekuwa unakitaka."

"Mimi?" Mzee akashangaa kwelikweli. "Nani alikwambia nakitaka?"

Aika akataka kujibu. Akatafuta kichwani. Alikuwa amemuuliza baba yake saizi ya viatu. Alikuwa amemuuliza kuhusu presha, kuhusu mgongo, kuhusu godoro, hata kuhusu chai. Makaratasi yote yale, safu juu ya safu, na swali lile moja hakuwahi kuliuliza.

"Hakuna," akasema.

"Mimi kilele nilikuwa nakiona kila siku jikoni kwangu. Sikuwahi kukitaka. Miguu ilikuwa inaniuma na nilikuwa na uji motoni. Nilikuwa nafurahi sana kubaki."

Temba alishindwa kuvumilia. Aliangua kicheko mpaka mchele ukamwagika, na mzee akaanza kucheka, na Aika akacheka huku anafuta machozi. Baba na binti wamepanda mlima mrefu kuliko yote Afrika, karibu mmoja apoteze maisha, kwenda mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyetaka kwenda!

Walipotulia, Aika akauliza polepole.

"Sasa, baba, kama hukutaka, kwa nini ulikubali kuja?"

Mzee akachezea kikombe chake.

"Siku ile ulipotandaza makaratasi, mimi sikuyasoma. Niliona kitu kimoja tu, umeandika siku nane. Nikahesabu. Tangu mama yako afariki hujawahi kukaa na mimi hata siku tatu. Unakuja, unafua, unalala, unaondoka. Sikulaumu, ni kazi, mimi mwenyewe nilikufanyia hivyo hivyo ulipokuwa mdogo. Lakini nilipoona siku nane na mwanangu, nikasema sawa. Hata ungesema tunakwenda kuchimba choo kwa siku nane, ningekuja."

Temba hakucheka tena. Aliokota mchele wake punje moja moja.

Aika akamshika baba yake mkono, ule wenye ngozi ya gamba. Kisha akafanya jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu mwanzo.

"Baba, tumebakiza siku tatu kwenye kibali chetu cha kukaa mlimani. Wewe unataka tufanye nini?"

Mzee akaweka kikombe chini. Tangu mke wake aondoke, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Watu walimwambia ale nini, anywe dawa gani, auze ng'ombe au asiuze. Walimpenda wote, na kila mmoja alimpangia.

"Nataka tukae," akasema. "Basi. Tukae tu."

Wakakaa. Siku mbili nzima walikaa kambi ya pili bila kwenda popote. Waliota jua, wakala, wakaongea, wakanyamaza, wakaongea tena. Makundi ya wageni yalipita na fimbo zao yakipanda, mengine yakishuka. Waongozaji waliomjua Aika walisimama wakauliza, "Dada, vipi, mbona mko hapa? Mnasubiri nini?" Mzee akawa anajibu kabla binti hajafungua mdomo, "Hatusubiri kitu."

Siku ya nane wakashuka mpaka getini. Pale getini kuna kitabu kikubwa ambacho kila mgeni anayetoka lazima ajaze. Mzee Kaanaeli alikuwa amepita mbele ya meza ile miaka ishirini na tisa, na hakuwahi kukishika, kwa kuwa wapishi hawajazi. Karani akamgeuzia kitabu, akampa kalamu. Mzee akavaa miwani, akaandika jina lake, umri wake na kijiji chake, kwa mwandiko wa taratibu.

Akafika kwenye safu inayouliza kama mgeni alifika kileleni. Watu huandika ndiyo au hapana. Mzee akaandika: "Hapana, wala sikutaka." Karani akacheka.

Safu iliyofuata ilikuwa ya jina la mwongozaji. Hapo mzee alisimamisha kalamu, akafikiri. Aika alikuwa nyuma yake akiangalia juu ya bega lake. Mzee akainama, akaandika neno moja: "Mwanangu."

Karani akasoma, akatikisa kichwa kwa upole.

"Mzee, hapa tunataka jina la aliyekuongoza."

"Ndiye huyo," mzee akasema, akamrudishia kalamu. "Alinikatalia nisife."

Karani alimtazama mzee, akamtazama Aika aliyekuwa amefunika uso kwa mikono miwili, kisha akafunga kitabu bila kusahihisha.

Hadithi yenyewe inaishia hapo. Kabla hujamtumia mwingine, kama una mzazi aliye hai mpigie kwanza yeye. Usimwambie umempangia nini. Muulize anataka nini, halafu nyamaza, umsikilize.

Funzo: Upendo unaopanga kila kitu bila kuuliza, na upendo unaovumilia kila kitu bila kusema, vyote viwili vinaweza kuwapoteza watu wanaopendana. Umpendaye muulize, na akupendaye mwambie ukweli.